Ramu Moja, Talaka ya Tatu

Wagdi hakuwa anaapa kwa Mungu. Hiyo aliiona dhambi, na yeye ni mtu wa kuogopa moto. Lakini biashara ya kompyuta za mtumba katikati ya Kairo haiendi bila kiapo, haiendi kabisa, na mtu lazima aape kwa kitu. Basi Wagdi akawa anaapa kwa mke wake.

"Hii ramu ikikusumbua, Mama Karim si mke wangu!"

Imeisha hiyo. Nani atabisha? Kairo mtu akishakuapia talaka, ukimwita muongo ni sawa na kumwambia anazini nyumbani kwake. Unatoa hela, unachukua mzigo wako, unaondoka kimya. Kwa hiyo Inshirah, ndiye huyo Mama Karim, mke wa mtu, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mama mwenye heshima zake, alikuwa anatembezwa kwenye kaunta tangu asubuhi mpaka jioni. Alishawekwa rehani kwa kibodi. Alishawekwa rehani kwa feni. Siku moja aliwekwa rehani kwa waya wa chaja, na waya wenyewe ulikuwa umekatika.

Na usidhani ni utani. Talaka mbili zilishamtoka kweli. Ya kwanza aliapa kioo cha laptopu fulani hakijawahi kuguswa na fundi, mteja akakigeuza palepale, akakuta gundi mbichi. Sheikh wa mtaani kwao akasema imepita, Wagdi akamrejea mkewe kwa aibu na bangili. Ya pili aliapa hatakanyaga tena kwa mama mkwe, halafu mama mkwe akachinja bata. Bata! Wagdi alimaliza paja ndipo akakumbuka. Ikabaki moja. Ile ya tatu, ambayo ikitoka hakuna kurejea mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwingine, akae naye, waachane kwa kheri zao. Pale kwenye jengo la maduka kila mtu alilijua hilo, na Wagdi alilijua kuliko wote, maana alimpenda Inshirah. Alimpenda kwa namna yake. Ulimi tu ndio haukuwa na habari.

Sasa duka lake. Ghorofa ya pili, upana wa kabati la nguo, limening'inizwa vipande vya kompyuta zilizotupwa na maofisi ya Ulaya zikaja Misri kuanza maisha upya. Mle jengoni kila mtu ni injinia. Mteja ni injinia, mwenye duka ni injinia, muuza chai ni injinia, na yule anayelala kwenye ngazi naye ukimkanyaga unasema samahani injinia. Wagdi mwenyewe ujuzi wake wa ramu, hiyo kumbukumbu ya kompyuta, ulikuwa hivi: ya kompyuta ya mezani ni ndefu, ya laptopu ni fupi, na usilazimishe ya kizazi cha zamani kwenye tundu la kizazi kipya, utavunja meno. Hayo mambo ya kasi, sijui megahezi, kwake yalikuwa kama namba ya kiatu. Mteja anataja anayovaa, wewe unasema ipo.

Basi akaja Abanub.

Kijana wa mtaa wa Shubra, mwembamba, mkata video za harusi. Ameunga kompyuta yake kipande kwa kipande kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali ya kuokota: bodi kapata huku, prosesa kule, boksi la nje kapewa na binamu. Imebaki ramu. Na alikuwa amesoma, bwana! Alikuwa kwenye makundi ya mtandaoni ambako watu wanagombana kwa ajili ya ramu usiku kucha kama wanagombea urithi.

"Injinia," akasema, "nataka pacha. Giga nane na nane, zikae kwenye matundu mawili. Ziwe kizazi cha nne. Na kasi iwe elfu tatu na mia mbili."

"Zipo."

"Hujanisikiliza vizuri. Bodi yangu mwisho wake elfu tatu na mia mbili. Prosesa yangu ukiipa ramu ya pole inasinzia. Nataka ijae mpaka pomoni."

"Mdogo wangu, zipo." Wagdi akazitoa kwenye droo, akazipuliza, akazifuta na shati. Pacha kweli, kijani, nzuri.

"Stika ziko wapi?"

"Stika ni za washamba."

"Sasa nitajuaje kasi?"

"Kwani mkeo ulimwoa akiwa na stika?"

"Sijaoa, injinia."

"Ndiyo maana unauliza maswali."

Kwenye duka la mbele, ambalo ukinyoosha mkono unamgusa mwenyewe, alikuwa amekaa Rashwan anamenya mbegu za alizeti. Rashwan na Wagdi walikuwa mahasimu wa kudumu, wa kubusiana mashavu kila asubuhi. Rashwan akacheka kwa pua. Wagdi akasikia, na hapo ndipo ulimi ulipopata upepo.

"Sikiliza wewe kijana. Talaka! Talaka imenilazimu, Mama Karim haramu kwangu, kama ramu hizi hazikimbii elfu tatu na mia mbili kwenye bodi yako!"

Muuza chai akasimama na sinia lake. Rashwan akaacha kumenya. Hiyo ilikuwa kubwa hata kwa viwango vya Wagdi, maana kawaida anaapia kitu hakitaharibika, na kuharibika ni jambo la kubishaniwa, unaweza kusema umeme, unaweza kusema vumbi, unaweza kusema jicho la watu. Hii alitaja namba.

Abanub akakuna kichwa. "Sisi kwetu kanisani talaka karibu hakuna. Ningekuwa muuzaji ningeapa kwa nini?"

"Ndiyo maana wewe ni mteja," akasema Wagdi, akapokea hela.

*

Siku chache baadaye, saa ya chakula cha mchana, Inshirah alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shuleni na sufuria ya mahshi, kabichi zilizoviringishwa vizuri kama vidole vya mtoto. Wagdi akafunua, akanusa, akafumba macho. Alipofumbua, mbele yake palikuwa na boksi la kompyuta, na nyuma ya boksi palikuwa na Abanub, jasho linamtiririka, amelibeba mwenyewe kutoka kituo cha treni.

"Injinia. Elfu moja na mia sita."

"Karibu mahshi, mdogo wangu."

"Elfu moja na mia sita! Nimepima na programu! Nusu! Umeniuzia nusu!"

"Inakwama?" akauliza Wagdi.

"Haikwami."

"Inazima?"

"Haizimi. Inakata video kama kisu cha bucha."

"Sasa shida iko wapi?"

"Namba!" Abanub karibu alie. "Nimeweka picha kwenye kundi, watu wamenicheka mpaka leo! Wanasema elfu moja na mia sita ni kasi ya ramu za babu!"

Akachomeka umeme, akawasha kioo cha Wagdi, akafungua programu. Namba ikatokea. Haikuwa na aibu hata kidogo. Elfu moja na mia sita. Walionyanyua shingo walikuwa wengi: wateja, wauzaji, muuza chai, wanafunzi wawili waliokuja kununua waya tu. Na kila aliyesoma ile namba, macho yake hayakwenda kwa Wagdi. Yalikwenda kwa mwalimu mwenye sufuria.

Inshirah akaona. "Kuna nini?"

Akamgeukia mumewe.

"Wagdi, mbona watu wananitazama kama mimi ndiye niliyeuza?"

"Mama Karim, nenda nyumbani, nitakueleza."

"Injinia aliapa kwa talaka," akasema muuza chai, maana muuza chai hajawahi kufikisha glasi ikiwa imejaa wala siri ikiwa nzima. "Aliapa ni elfu tatu na mia mbili."

Wagdi alijua amekwisha. Ramu zile alizinunua kwa kilo, kwenye mfuko, hakuzipima, hakuwahi kupima ramu maishani mwake. Akamtazama mkewe. Alitegemea kelele. Alitegemea sufuria imjie kichwani, na kusema kweli aliitamani, maana mwanamke akikurushia sufuria bado ni mkeo.

Inshirah akaweka sufuria chini. Akavuta kiti cha wateja, akakaa, akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu.

"Basi ya tatu hiyo," akasema. "Eda inaanza leo au kesho?"

"Inshirah!"

"Nauliza tu. Nina mitihani ya kusahihisha, nijipange."

Jamani, alikuwa mtulivu! Mtulivu kama mtu aliyeambiwa zamu yake imefika. Na utulivu ule ndio uliomtia Wagdi wazimu. Akachomoa simu. Siku hizi kuna mashekhe wa fatwa wa kwenye simu, unapiga, unasubiri, unasikilizwa. Akapiga.

"Weka spika," akasema Inshirah.

"Ni mambo ya ndani, Mama Karim."

"Ya ndani? Umeniuza hadharani, nisikie bei hadharani. Weka spika."

Akaweka. Sauti ya sheikh ikatoka, ya kijana, yenye subira na mafua kidogo. Wagdi akaeleza. Alieleza vibaya, akaanza na ramu, sheikh akadhani ni pombe, ikabidi arudi nyuma.

"Nimeelewa," akasema sheikh. "Ndugu, ulipotamka, ulikusudia kumwacha mkeo?"

"Hasha!"

"Ulikusudia nini?"

"Kuuza."

"Na ulikuwa na yakini na ulichoapia?"

Wagdi akatazama huku na huku. Ukumbi wote umejaa. Akisema alikuwa na yakini, basi ni muongo aliyekusudia, na mke kaenda. Akisema hakuwa nayo, basi duka limekwenda. Ndoa upande huu, duka upande ule, na sheikh anapumua kwenye simu.

"Sikuwa nayo, maulana. Sikujua."

"Hukujua, ukaapa?"

"Huwa sijui."

"Eeeh!" Wateja wakaitikia kama wako kwenye taarabu.

"Unaapa hivi mara nyingi?"

"Kila mteja."

"Kila mteja! Na huwa ni kweli unayoapia?"

Wagdi akajikuna shingo. "Mara nyingine inatokea."

Hapo pakalipuka. Mmoja akapiga kelele, "Na feni yangu je?" Mwingine, "Uliniapia ile bodi haijachomelewa!" Bibi mmoja mwenye mfuko wa sokoni, ambaye wala hakuwa amenunua chochote siku hiyo, akasema alijua tu, alijua, ule mdomo una mafuta. Wagdi akaona ameshaloa, hana haja ya mwavuli. Akaendelea kujitetea, na kila utetezi ukamzamisha: kwamba kiapo kwake ni kama salamu, kwamba hata hasikii anachosema, kwamba angeulizwa leo jina la kitu alichomwapia mteja jana asingekumbuka. Alikuwa anaokoa ndoa kwa kuteketeza duka, na aliteketeza vizuri, hakubakiza hata rafu.

"Inatosha," akasema sheikh. "Ndugu yangu, wewe huna talaka. Wewe una kikohozi. Maneno yanakutoka tu. Mkeo ni mkeo. Lisha maskini kumi, utubu, na ufunge kinywa chako."

Akakata.

"Maskini wa kwanza huyu hapa," akasema mwenye feni, akainua kifuniko cha sufuria.

"Mimi wa pili. Nilinunua laptopu kwake."

Wakapanga foleni, wallahi, foleni ya kweli, ambayo Kairo huioni hata kwenye mkate. Mahshi ikaanza kupungua. Wagdi hakujali. Alikuwa anapumua tena. Mke amebaki! Akamgeukia Inshirah na meno yote nje, akamkuta anavaa viatu polepole, kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi mzuri.

Ndipo Rashwan alipotema ganda la alizeti.

"Kwani nani kasema elfu moja na mia sita ni mbaya?"

Watu wakageuka.

"Tazama hapa, injinia," akamwambia Abanub, mdomo ukiwa bado na mbegu. "Ramu ni mchota maji. Kila raundi anabeba ndoo mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Programu yako inahesabu raundi. Dukani tunahesabu ndoo. Raundi elfu moja na mia sita, ndoo ngapi?"

Mwenye kazi ya kuzidisha alikuwapo.

"Elfu tatu na mia mbili," akasema Inshirah. Alilisema kwa sauti ya mwalimu aliyekuta mtoto mtoro ndiye aliyepata jibu.

"Ndiyo hiyo," akasema Rashwan. "Na ingekuwa ramu ya babu isingeingia kwenye hilo tundu, hata ungeikalia. Kijana ana ramu safi. Bodi inaikubali, prosesa inashiba. Alichoapa Baba Karim ni kweli tupu, nadhani mara ya kwanza tangu afungue duka."

"Kwa hiyo niko sawa?" akauliza Abanub. "Nimelibeba boksi lote hili nikiwa sawa?"

"Uko sawa kabisa. Waambie wa kwenye kundi lako nao wazidishe."

Wagdi akamsogelea Rashwan mpaka pua kwa pua. "Ulikuwa unajua? Muda wote?"

"Tangu kijana alipowasha."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa unaongea na sheikh, ndugu yangu. Kukatiza si adabu."

Lakini hasira ya Wagdi haikudumu, maana furaha iliikanyaga. Alikuwa mkweli! Bila kujua, sawa, lakini mkweli! Kiapo kilikuwa halali, ramu halali, mke halali, kila kitu halali! Akamgeukia mkewe amkumbatie mbele za watu, liwalo na liwe.

Inshirah hakumwona. Alikuwa ameinamia kiganja chake, anaandika kwa kidole. Elfu moja na mia sita, mara mbili. Akafuta kwa kiganja cha pili. Akaandika tena. Mwalimu wa hesabu huyo, mwanamke ambaye hajawahi kukosea kuzidisha hata akiwa na homa, na alikuwa anarudia ile hesabu taratibu sana, kana kwamba safari hii ingeweza kutoka namba nyingine.

Wagdi akaiona ile. Meno yakarudi ndani yenyewe.

"Inshirah," akasema. "Ni kweli. Nilikuwa mkweli. Huamini? Naapa kwa tal..."

"Malizia."

Alisema hilo tu. Alikuwa ameinua uso, na uso ulikuwa umechangamka ghafla. Maskini waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna.

"Malizia neno, Wagdi. Umeshalianza."

Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama pipi, limezoea njia, linataka kutoka. Wagdi akaliuma. Akalimeza zima zima, likampita kooni kwa shida, machozi yakamtoka.

Inshirah akangoja kidogo zaidi, ili asije akamwonea. Kisha akachukua mkoba.

"Talaka imekukataa mara hii," akasema, "lakini basi la Mansura halijanikataa mimi. Nakwenda kwa dada."

"Utarudi lini?"

"Siku nitakaposikia umeuza ramu moja, moja tu, bila kuniuza mimi juu yake."

Akashuka ngazi. Yule injinia anayelala pale akaamka, akampisha, kwa heshima.

Wagdi akarudi nyuma ya kaunta. Watu walikuwa wanatawanyika, wengine wanajifuta vidole. Akapangusa kioo, akapanga ramu zake, akajiambia moja tu, jamani, moja tu, itakuwaje ishindikane? Na Mungu hakupanda basi la Mansura: haukupita muda akaja mteja. Mzee mnene, miwani, mgeni kabisa jengoni, hakusikia lolote. Akashika ramu ya kwanza aliyoiona.

"Hii ni elfu tatu na mia mbili, injinia?"

Ulimi wa Wagdi ukajinyoosha. Akaushika.

"Sijui," akasema. "Tuichomeke tuone."

Mzee akamtazama juu mpaka chini, kama mtu aliyeingia msikitini akaambiwa imamu hajui kibla iko wapi. Akairudisha ramu pale alipoitoa, taratibu, kwa ncha za vidole, akavuka ukumbi.

"Karibu, injinia, karibu!" akasema Rashwan, anakung'uta maganda kwenye suruali. "Elfu tatu na mia mbili, na mke wangu haramu kwangu kama naongopa!"

Mzee akatoa hela bila kuuliza la pili.

Na Rashwan, mnajua, hajaoa.